Maji Yasiyotoka Kwenye Koki

Shahidi wa kwanza kusema kweli katika kesi ile alikuwa nyigu, na alikuwa ameshahama.

Inspekta alikuta nyumba yake kwenye koki ya mkono ya shamba lililokauka, nyuma ya banda la pampu. Kilikuwa kifuko cha udongo, ukubwa wa kidole gumba, kimejengwa kati ya gurudumu na bomba. Alikigusa kwa ncha ya kalamu. Udongo ulikuwa mgumu kama kigae. Akachuchumaa kwenye jua la alasiri, akapiga picha nne, akaweka rula pembeni, akapiga ya tano. Halafu akaandika kwenye daftari: gurudumu likizungushwa hata robo, udongo unapasuka. Haujapasuka. Hakuna aliyefunga koki hii kwa mkono.

Alifunga daftari kwa kishindo. Jalada zima la kesi lilikuwa limesimama juu ya mkono huo.

Kituoni walimwita Kibano, naye alijua na hakujali. Jalada alilokabidhiwa asubuhi ile lilikuwa jepesi kama kitambaa cha leso. Ndani mlikuwa na malalamiko ya bibi mmoja mwenye shamba namba thelathini, la mwisho kabisa kwenye mstari wa maji, aliyesema ekari yake ya vitunguu imekauka yote huku mashamba ishirini na tisa ya jirani yamenawiri. Mlikuwa na maelezo ya watu watatu walioapa kwamba walimsikia fundi wa pampu akimwambia bibi huyo, mbele za watu, kwamba vitunguu vyake vitakauka mpaka ajifunze adabu. Mlikuwa na maelezo ya mtaalamu wa mradi, aliyesimama kwenye mkutano wa wakulima na kutamka kwamba mitambo ni mizima, hapa kuna mkono wa mtu.

Kesho yake watu walimtoa fundi nyumbani kwake kwa ukosi wa shati. Walimvunja mkono, wakamtoa meno mawili, wakachoma nyumba. Karatasi ya daktari nayo ilikuwa humo jaladani. Karatasi ya aliyechoma nyumba haikuwemo. Kati ya umati ule wote, aliyelala mahabusu siku tatu alikuwa fundi peke yake, na mkuu wa kituo alikuwa ameshasema kwamba kesho saa nane mchana atapelekwa mahakamani kwa kuharibu mazao kwa makusudi. Mke wa fundi alikuwa amehamia kwenye benchi la mapokezi na kifurushi cha nguo zilizonusurika. Kila askari akipita alimuuliza swali moja tu, na kila askari aliangalia saa yake.

Kibano alikuwa ameshamhoji fundi. Hakukana maneno yake. Alisema ndiyo, alimtolea bibi kauli mbaya, kwa sababu bibi alimwita mwizi wa maji mbele ya wakwe zake. Lakini koki, alisema, yeye hazigusi siku hizi. Zinajifungua.

Hapo ndipo ilibidi Kibano auelewe mradi wenyewe, ambao kila mtu aliuita Wingu. Kila shamba lilichomekewa kijiti cha chuma na plastiki, urefu wa mkono mpaka kiwiko, chenye kuhisi unyevu wa udongo. Kijiti kinapeleka habari kwenye mnara, mnara unazipeleka kwenye makompyuta ya kukodi yaliyoko mbali huko, ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuyatia machoni. Makompyuta hayo ndiyo yanayoamua nani apate maji na kwa dakika ngapi, kisha koki ya umeme inafunguka yenyewe. Mwanzoni watu walicheka, wakasema mawingu ya kwao yalikuwa yameshazoea kupita bila kusalimia, labda hili lina adabu. Lakini msimu wa kwanza tu nyanya ziliwashinda kubeba, na ile tabia ya kuviziana mferejini kwa mapanga ikaisha. Hilo hata wenye kinyongo walilikiri.

Kutoka bandani, Kibano alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mtaalamu.

Ofisi ilikuwa na feni, zulia, na picha ya kitunguu kikubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mtaalamu alivaa viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga tuta. Alimkaribisha vizuri, akaagiza soda, akazungumzia wageni: vijiji vitatu vitaleta wajumbe kesho kutwa kuuona mradi, wakiridhika watajiunga. Ndiyo maana, alisema, jambo hili la fundi liishe haraka, dada.

"Inspekta," Kibano alimrekebisha. Soda aliiacha na kizibo chake.

Alimwambia kuhusu nyigu. Mtaalamu akacheka kidogo, akasema basi fundi hakutumia mkono, atakuwa aliingia kwenye mfumo kwa neno la siri na kuifunga koki humo. Kibano akaomba kuona agizo hilo la kufunga. Mtaalamu akaigeuza laptopu, akapekua, akapekua tena. Agizo halikuwepo. Kila alfajiri kwa siku kumi na tisa kabla ya mkutano makompyuta yalikiuliza kijiti cha namba thelathini hali ya udongo, kijiti kikajibu kumelowa, na koki ikaachwa imefungwa. Basi, akasema mtaalamu, na sasa hakucheka, fundi atakuwa alikichezea kijiti.

Ndani ya dakika ishirini fundi alikuwa ameshatenda kosa lilelile kwa njia tatu.

Kibano alisogeza kiti mpaka goti lake likagusa meza. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa buluu wa unyevu, na juu ya mstari, kila siku, kilima kidogo. Aliviwekea vilima kidole kimoja kimoja. Vyote vilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Hivi ni nini?"

"Kelele za mtambo tu. Mawimbi ya simu yakisumbua inakuwa hivyo."

"Mawimbi yanaamka saa kumi na mbili na nusu?"

Mtaalamu alisema ni mambo ya kiufundi, yangehitaji muda kueleza. Kibano alimwomba aoneshe siku tatu za mwisho. Vilima vilikuwepo, vitatu, vimepangana kama watoto wa shule. Siku tatu hizo fundi alikuwa nyuma ya nondo, mkono umefungwa bendeji, na ufunguo wa mahabusu uko mfukoni kwa sajini.

Hakumwambia hilo. Alimuuliza jambo moja la mwisho: mchoro huu wa namba thelathini, yeye mtaalamu aliufungua kwa mara ya kwanza lini. Mtaalamu akajibu bila kupepesa kwamba ni leo, pamoja na Inspekta, kwa sababu ana mashamba thelathini na hawezi kukodolea kila moja. Kibano alimsogezea karatasi, akamwomba aandike hivyohivyo, kwa mkono wake, atie sahihi na saa. Akaandika kwa mwandiko mzuri.

Kabla hajalala, Kibano aliandika barua ya kipolisi kwa kampuni inayoyakodisha makompyuta yale, akaituma kwa barua pepe. Aliomba kila kilichohifadhiwa kuhusu namba thelathini: kila ujumbe, na kila mtu aliyeusoma.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba la bibi, kando ya ua wa miiba. Vitunguu vilikuwa vimelala chini, majani yamekunjamana na kugeuka rangi ya gunia. Alivuta kimoja. Kilitoka bila kupinga, kidogo kama kifungo cha koti.

Bibi alitokea akiwa na birika. Alikuwa mdogo wa mwili, mgongo umepinda, lakini anatembea kwa haraka ya mtu aliyezoea kudaiwa kazi na jua. Hakuangalia vitunguu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti, akainama, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akamimina maji shinani taratibu, mpaka yakafanya kidimbwi. Kibano aliangalia saa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu kamili.

Alisalimia. Bibi akaitika, akauliza kama yule mwizi wa maji ameshafungwa. Kibano akasema bado, akauliza kama na yeye angeruhusiwa kujua kwa nini kijiti kinamwagiliwa.

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mtoto ananyonyeshwa.

"Si kimechomekwa, mwanangu? Kitu ukikichomeka ardhini usipokipa maji, kinashikaje?"

Alieleza bila kuficha, na kwa fahari kidogo. Maisha yake yote alikuwa amepanda kwa kuchomeka, mihogo, viazi, miti ya ua, na hakuna kilichowahi kumfia. Kijiti cha zamani kilipoharibika, mtaalamu mwenyewe alikuja kuchomeka hiki kipya, akamwambia akitunze vizuri, kwamba bila hiki shamba halina maji. Basi akakitunza. Kikombe kimoja kila asubuhi, maji ya mtungini, ya kunywa. Vitunguu vilipoanza kuwa manjano akahisi labda hakishibi, akaongeza. Sasa ni nusu birika. Ekari nzima hawezi kuibebea maji, mgongo hauna nguvu hizo, lakini hiki kimoja anakiweza.

Kibano aliuliza kipya kilichomekwa lini. Bibi alihesabu kwa vidole na masoko yaliyopita. Siku kumi na tisa mpaka kilipokauka kitunguu cha mwisho, na tatu za juu. Na mtaalamu alimfundisha kinavyofanya kazi? Bibi akasema hapana, siku ile alikuwa na haraka, hata gari hakulizima.

Kibano aliandika yote, akamsomea, bibi akaweka dole gumba. Hakumwambia chochote. Alimwomba tu aje naye kituoni, na bibi akakubali kwa furaha, akidhani anakwenda kumwona fundi akipandishwa gari la mahakama.

Jibu la kampuni lilikuwa limeshafika. Kurasa mbili. Kibano alizisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akazisoma tena akipiga mstari kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikachanika.

Makompyuta hayakuwa majinga. Kufikia siku ya nane yalikuwa yameshagundua kwamba udongo wa namba thelathini unalowa ilhali koki haijafunguka, na yalituma tahadhari. Siku ya tisa yakatuma nyingine. Mpaka siku ya mkutano, jumla kumi na mbili, maneno yaleyale: kijiti hiki kinapata maji yasiyotoka kwenye koki, kikaguliwe. Kila tahadhari ilikwenda kwenye simu moja, ya mtaalamu. Kila moja ilifunguliwa, pamoja na mchoro wake, siku ileile, kabla ya chai ya saa nne. Na kila moja ilifungwa kwa kubonyezwa neno moja: imeshughulikiwa.

Saa tano mtaalamu aliingia ofisini kwa Kibano akitabasamu, maana aliambiwa imebaki karatasi moja ya kusaini. Tabasamu lilimgandia alipomwona bibi kwenye kiti cha kona, na fundi kando ya mlango, mkono umening'inia kwenye kitambaa, sajini pembeni yake.

Kibano hakumkaribisha kiti. Alimsomea kwanza maelezo yake ya jana, yale kwamba mchoro aliufungua kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, pamoja na Inspekta. Akamuuliza kama ni yake. Akasema ni yake. Kisha akamsomea orodha, tarehe kwa tarehe, saa kwa saa, bila kupandisha sauti, na mwisho wa kila mstari alisema neno lile: imeshughulikiwa. Kufikia la tano fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Kufikia la tisa sajini aliacha kutafuna njiti yake ya meno.

Mtaalamu alijitetea kama maji yanayotafuta upenyo. Gari la mradi lilikuwa gereji wiki nzima. Namba thelathini ni kilomita nne za vumbi. Tahadhari zikibaki wazi zinaonekana kwenye ripoti, na ripoti ndiyo watakayoisoma wageni. Alidhani ni mvua ya manyunyu. Halafu akakosea kabisa. Alimgeukia bibi, akasema kwa heshima zote, mashine imefanya kazi yake, aliyekosea ni yeye bibi kwa kumwagilia kifaa cha elektroniki.

Bibi alikuwa akisikiliza kwa kuinamisha sikio, na sasa aliinua uso. Ilikuwa dhahiri kwamba ndiyo kwanza anaelewa birika lilikuwa limefanya nini.

"Mimi ndiye niliyelikatia shamba langu maji," alisema.

Alishika ukingo wa meza, akasimama, akamkabili mtaalamu, ambaye alimzidi kimo kwa kichwa kizima.

"Na wewe ulikuwa unaniona."

"Sikuoni wewe, bibi. Naona mstari tu."

"Lakini ulijua kuna mtu anamwaga maji pale."

"Nilijua kuna maji."

"Siku kumi na mbili. Na namba yangu ya simu unayo, ulinisajili kwayo. Ungenipigia ukaniambia, bibi, acha. Neno moja. Mimi sijui mambo yenu. Mimi ni mjinga wa kijiti, sawa. Wewe ulikuwa unajua. Ukaja mkutanoni, ukasimama mbele yetu, ukasema kuna mkono wa mtu. Mimi nikakupigia makofi. Nimemfungisha mtoto wa watu kwa maji ya mtungi wangu, na wewe unaangalia."

Mtaalamu alitoa simu, akasema atawasiliana na wakubwa wake. Kibano aliichukua kutoka mkononi mwake kama anavyochukuliwa mtoto kisu, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake kielelezo namba mbili, cha kwanza kikiwa picha za nyigu. Akamwambia yuko chini ya ulinzi kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi huku akijua ni ya uongo, na kwamba makosa mengine bado anayatafutia vifungu. Sajini alimtoa. Viatu vyake vizuri vilisikika korido nzima.

Bibi alimwendea fundi. Alitaka kupiga magoti, fundi akamzuia kwa mkono mzima.

Ilipofika saa sita, mkuu wa kituo alimwita Kibano pembeni. Alikuwa ameshapigiwa simu mbili. Alisema kazi nzuri, jalada la fundi lifungwe. Lakini leo ni siku ya soko, mbele ya kituo kumejaa watu, hasira bado mbichi. Fundi atolewe mlango wa nyuma, apande pikipiki, akakae kwa ndugu zake mbali kidogo mpaka watu wasahau. Na mambo ya nyumba yaachwe kwanza, maana umati ni umati, nani atamkamata nani.

Kibano alikwenda kumwambia fundi jinsi ilivyoamriwa. Mkewe alikuwa ameshafunga kile kifurushi, amekishika kifuani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Maneno yalimtoka kwa shida, kwa sababu ya meno.

"Nilitolewa nyumbani kwangu mchana, mbele za watu, afande. Nikitoka kwa nyuma nitakuwa mwizi aliyeponyoka. Nirudishe selo."

Akageuka kweli, akaanza kutembea kuelekea mahabusu.

Kibano alimshika bega. Alimtazama mke wa fundi, akautazama mlango wa nyuma, ambao sajini alikuwa ameshaufungua. Aliufunga kwa teke. Mkuu wa kituo aliita jina lake la cheo mara moja, kwa sauti ya onyo. Hakugeuka.

Walitoka kwa mbele wote wanne: fundi, mkewe, bibi, na Kibano nyuma yao akiburuta lile benchi la mapokezi, miguu yake ikikwaruza saruji mpaka sokoni watu wakaacha kupima nyanya. Kelele zilikatika meza kwa meza. Mwanamume mmoja wa kwenye nafaka alitoa kauli ya kejeli, akamwona bibi amemshika fundi mkono, akaimeza katikati.

Kibano aliwaeleza kwa sentensi chache. Koki haikufungwa na mtu. Fundi hana kosa. Aliyejua ukweli siku kumi na mbili akanyamaza yuko ndani sasa hivi, kwenye chumba kilekile alichokuwamo fundi. Bibi akaongeza la kwake, kwamba maji yalikuwa ya kwake na ujinga ulikuwa wa kwake, na kwamba mwenye kumtazama vibaya fundi aanze kumtazama yeye.

Watu walishusha pumzi. Mmoja akasema pole, fundi, yamepita. Mwingine naye akasema pole. Pole zikaanza kumiminika, laini, za haraka, za watu wanaotaka kurudi kwenye nyanya zao.

Kibano aliliweka benchi katikati ya njia, akaketi, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Nyumba yake iliungua saa tisa mchana," alisema. "Nani aliwasha kiberiti?"

Pole zilikoma. Watu waliangalia vidole vya miguu yao. Nyuma kabisa, mtu mmoja alianza kujivuta polepole kati ya magunia, na Kibano, bila kuinua macho, akamwambia akae.